Kutoka Kijinga hadi Stima: Historia ya Nuru Olenguruone

Olenguruone iko juu ya miinuko ya Mau, kusini-magharibi mwa Kaunti ya Nakuru, kwenye barabara inayotoka Molo na kupitia Keringet. Kimo chake ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya chai, viazi, pareto na ng'ombe wa maziwa. Baridi yake ni kali na ukungu wake mzito. Tangu zamani, vyombo vingi vya kuangazia usiku vimepita mikononi mwa wakazi wake: kijinga cha moto, koroboi, fanusi, taa ya presha, tochi, balbu ya stima na paneli ya sola. Kila kimoja kilifanya kazi kwa kanuni zilezile za nuru ambazo mwanafunzi wa fizikia huzikuta kitabuni. Kwa hiyo historia ya taa za Olenguruone ni njia nzuri ya kuzijua kanuni hizo, maana nyingi zilikuwa zikionekana jikoni, barabarani na mtoni muda mrefu kabla ya kuandikwa ubaoni.

Jua, kivuli na saa

Chanzo kikuu cha nuru ni jua. Olenguruone iko kusini kidogo mwa ikweta, umbali usiofika digrii moja, na kwa sababu hiyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Hesabu ya saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jambo hilo: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu kupambazuka, na saa moja usiku ni saa ya kwanza tangu jua kuzama. Kaskazini ya mbali, ambako jua huzama saa tofauti sana kati ya kiangazi na kipupwe, hesabu kama hiyo isingedumu.

Nuru husafiri katika mstari mnyoofu. Ikikutana na kitu kisichoipitisha, kama nguzo au ng'ombe, nyuma yake hubaki mahali pasipofikiwa na nuru, na mahali hapo ndipo kivuli. Urefu wa kivuli hutegemea jua liko juu kiasi gani. Kijiti cha mita moja kikisimamishwa Olenguruone wakati wa adhuhuri mwezi Machi au Septemba, kivuli chake karibu kitoweke, kwa kuwa jua liko utosini. Mwishoni mwa Juni jua huwa limeenda kaskazini, na kivuli cha kijiti hicho huelekea kusini kwa sentimita 45 hivi. Mwishoni mwa Desemba hugeuka na kuelekea kaskazini kwa sentimita 42 hivi. Adhuhuri yenyewe haiji saa sita kamili, bali karibu saa sita na nusu au zaidi kidogo. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na jua huchukua zaidi ya nusu saa kutoka usawa wa mstari huo hadi usawa wa Mau.

Kasi ya nuru katika ombwe ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, kwa hiyo nuru yake huchukua dakika 8 na sekunde 20 kufika. Wakati wa mvua za radi, wakazi wa Mau huuona umeme kwanza na kusikia ngurumo baadaye, kwa kuwa sauti husafiri mita 340 tu kwa sekunde. Kila sekunde tatu zinazohesabiwa kati ya mmweko na ngurumo ni kama kilomita moja ya umbali.

Mwezi hauna nuru yake. Unaoitwa mbalamwezi ni mwanga wa jua ulioakisiwa na uso wa mwezi, na kabla ya taa za mafuta huo ndio uliomwezesha mtu kutembea usiku bila mwenge.

Moto wa kupekecha

Wakazi wa kale wa msitu wa Mau ni Waogiek, wawindaji na warina asali. Jirani zao walikuwa Wakipsigis upande wa magharibi na Wamaasai upande wa kusini na mashariki. Kabla ya kiberiti kufika, moto ulipatikana kwa kupekecha. Kiswahili kimehifadhi majina ya vifaa vyake: kijiti kinachozungushwa kati ya viganja huitwa ulindi, na kipande cha mti kilicholazwa chini na kutobolewa huitwa uwimbombo. Msuguano huleta joto, unga wa mti huanza kufuka, na cheche hupokelewa kwenye nyasi kavu.

Kitu kikipashwa joto la kutosha hutoa nuru. Chuma au kaa likifika kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi huanza kuwa jekundu lililofifia. Joto likizidi hugeuka rangi ya machungwa, kisha njano, na mwishowe huelekea weupe. Mama aliyepuliza makaa jikoni alfajiri aliitazama kanuni hiyo kila siku: pumzi huongeza oksijeni, joto hupanda, na kaa jekundu hung'aa njano.

Moto wa mafiga ulikuwa jiko, kinga ya baridi na taa kwa pamoja. Kwa safari ya usiku na kwa kurina asali, kijinga au mwenge ulichukuliwa mkononi. Mwanga wake ulikuwa mchache, nao ulichezacheza kwa upepo. Lakini kwa karne nyingi ndio uliotosha kwa hadithi, mlo na malezi.

Debe na koroboi

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900 na ziwa Viktoria mwaka 1901. Pamoja na chumvi, sabuni na nguo, iliteremsha mafuta taa. Mafuta hayo yaliuzwa katika makopo ya bati ya galoni nne, yaani lita 18 hivi. Kopo lililobaki tupu halikutupwa. Lilikuwa chombo cha kutekea maji na kipimo cha mahindi, na jina lake, debe, linatumika sokoni hadi leo hata pale ambapo hakuna anayekumbuka mafuta.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwahamishia Olenguruone Wakikuyu waliokuwa wametolewa katika nchi ya Wamaasai. Mgogoro ulizuka upesi. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji waliopaswa kufuata masharti ya kilimo; wao walidai kwamba ardhi hiyo ni haki yao. Walikula kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake, na kiapo cha Olenguruone kikawa mfano kwa vuguvugu la ukombozi lililofuata. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, na wengi wakapelekwa Yatta, mahali pakavu katika nchi ya Wakamba. Baada yao ardhi ilipata wakazi wengine, hasa Wakipsigis. Vizazi vya wakulima vilivyofuatana juu ya miinuko hii vilitumia taa ya aina moja, taa ya mnyonge wa nchi nzima: koroboi.

Koroboi ni kikopo cha bati chenye kifuniko kilichotobolewa. Fundi alikata bati la mkebe uliotumika, akaliviringisha, akaziba maungio kwa risasi, kisha akaweka kijineli kidogo juu cha kupitishia utambi wa pamba au kitambaa. Mafuta hupanda yenyewe ndani ya utambi kwa kupenya katikati ya nyuzi, kama maji yanavyopanda kwenye pembe ya leso iliyochovywa. Kinachoungua si utambi wenyewe, bali mvuke wa mafuta unaotoka juu yake.

Mwanga wa njano wa koroboi hutoka kwa chembe ndogo sana za kaboni zilizo ndani ya ulimi wa moto. Chembe hizo hupata joto kali na kung'aa kabla ya kuungua. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilieleza jambo hilo kwa kutumia mshumaa katika mihadhara aliyowatolea vijana jijini London mwishoni mwa mwaka 1860 na mwanzoni mwa 1861. Ushahidi wake haukosekani katika nyumba yoyote yenye koroboi: sahani baridi ikipitishwa juu ya ulimi wa moto hutoka na doa jeusi la masizi. Masizi hayo ndiyo yaliyokuwa yaking'aa dakika moja iliyopita. Ndiyo pia yaliyofanya paa kuwa jeusi, macho kuwasha na kifua kukohoa, maana koroboi haina hewa ya kutosha ya kuunguza kaboni yote.

Mwanga wa taa hupungua upesi kadiri mtu anavyojitenga nayo. Umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unaofika kitabuni hubaki robo. Ukizidishwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Sababu ni kwamba nuru ileile inatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Watoto watatu waliosomea koroboi moja hawakuhitaji kuisoma kanuni hiyo ili kuijua. Aliyekaa nusu mita kutoka kwenye taa aliona herufi vizuri. Aliyekaa mita moja alipata robo ya mwanga wa mwenzake, na hapo ndipo vichwa viliposogeleana na nywele za mbele zikaungua. Tena mkebe wenyewe haupitishi nuru, kwa hiyo chini ya koroboi huwa giza. Kwa sababu hiyo taa iliinuliwa juu ya kopo lililopinduliwa au kuwekwa kwenye rafu, kivuli chake kikaangukia mahali pasipokuwa na kazi.

Ukuta nao ulisaidia. Ukuta wa udongo uliokolea masizi humeza sehemu kubwa ya nuru. Uliopakwa chokaa au kubandikwa magazeti huirudisha chumbani. Uso usio laini hutawanya miale kila upande, na mtawanyiko huo ndio unaowezesha chumba kizima kuonekana kwa taa moja.

Fanusi, kioo na tochi

Kiswahili kilikuwa na majina ya taa kabla ya reli. Kandili na fanusi ni maneno yaliyotoka Kiarabu kupitia pwani, na hata neno nuru lina asili hiyohiyo. Fanusi ya mafuta taa, yenye chemni ya kioo, iliizidi koroboi kwa mambo mawili. Kwanza, chemni huuzuia upepo, kwa hiyo mtu aliweza kutoka nayo usiku kwenda zizini. Pili, hewa moto ndani ya chemni hupanda na kuvuta hewa mpya kutoka chini, moto ukaungua vizuri zaidi, masizi yakapungua na mwanga ukaongezeka.

Kioo cha chemni ni kitu angavu: hupitisha nuru, na kilicho nyuma yake huonekana. Karatasi iliyopakwa mafuta hupitisha nuru kidogo bila kuonyesha umbo la kitu. Bati halipitishi kabisa. Chemni ikiachwa siku tatu bila kufutwa, inatoka kundi la kwanza na kuingia la pili. Kuisafisha kila jioni kwa karatasi kavu ilikuwa kazi ya watoto.

Kioo cha kujitazamia hufanya kazi nyingine. Nyuma yake kimepakwa tabaka la madini, na nuru inayokipiga hurudi. Kanuni yake ni fupi: pembe ambayo mwale unaingilia ni sawa na pembe ambayo unarudia. Taswira katika kioo bapa huonekana iko nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao mtu yuko mbele yake, na kushoto huonekana kama kulia. Ndiyo maana neno AMBULANCE huandikwa kinyume usoni mwa gari la wagonjwa: dereva wa matatu aliye mbele hulisoma vizuri katika kioo chake. Vioo vya pembeni vya magari mengi ni mbinuko, yaani vimefura katikati. Hupunguza ukubwa wa vitu lakini huonyesha eneo kubwa zaidi, jambo la maana kwenye kona za Mau.

Tochi hutumia kioo cha kinyume chake, kioo mbonyeo, kilichobonyea kama bakuli. Balbu huwekwa mahali maalumu paitwapo fokasi. Miale inayotoka hapo hupiga bakuli na kurudi ikiwa sambamba, na hivyo balbu ndogo humulika mbali. Kazi hiyo inaweza kugeuzwa: bakuli likielekezwa kwenye miale inayotoka mbali, huikusanya yote kwenye fokasi. Katika kaunti hiyohiyo ya Nakuru, kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970 kilitumia bakuli kubwa la namna hiyo. Mawimbi ya redio ni jamaa ya nuru, nayo huakisiwa kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Aliyeibomoa dhana hiyo kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi Kairo. Katika kitabu chake juu ya macho na nuru, Kitab al-Manazir, alionyesha kwamba mtu huona kwa sababu nuru hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Giza la Olenguruone linathibitisha hoja yake: macho mazima hayaoni kitu mpaka taa iwashwe.

Taa ya presha

Kwa arusi, kesha la maombi, matanga au duka lililofunga usiku, fanusi haikutosha. Hapo ilitumika taa ya presha, ambayo pwani na Tanzania huitwa karabai. Ilianza kuenea duniani mapema katika karne ya 20. Mafuta husukumwa kwa hewa iliyopampiwa, yakageuka mvuke katika mrija wa moto na kuungua bila masizi.

Ulimi wake wa moto ni wa bluu na hauna mwanga mwingi. Mwanga mweupe hutoka kwenye kijifuko cha nyuzi kinachofungwa juu yake. Mwanakemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aligundua katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwamba kijifuko kilichoroweshwa chumvi za madini adimu hung'aa sana kinapopata joto. Mara ya kwanza kinapowashwa, nyuzi huungua zote na kubaki ganda la majivu ya madini. Ganda hilo huangaza vizuri, lakini likitikiswa huvunjika. Kwa hiyo taa ya presha haikukabidhiwa mtoto: ilikuwa na mtu wake wa kuipampu, kuitundika na kuibeba kwa hatua za taratibu.

Maji, lenzi na picha

Mito Nyangores na Amala huanzia Mau na kuungana kuwa mto Mara. Mtu aliyesimama ukingoni mwa maji safi huona chini kama kwamba ni karibu. Nuru hupunguza kasi inapoingia majini, kutoka kilomita 300,000 hadi 225,000 hivi kwa sekunde, na mwale unaoingia kwa mshazari hupinda. Kwa anayetazama kutoka juu, maji ya kina cha mita moja huonekana kama sentimita 75. Kila mtoto anayeoga mtoni afundishwe jambo hilo, maana maji yanayoonekana ya kiunoni yanaweza kuwa ya kifuani. Kijiko ndani ya glasi ya maji huonekana kimevunjika kwa sababu hiyohiyo.

Kanuni ya kupinda kwa nuru iliandikwa na Ibn Sahl huko Baghdad karibu na mwaka 984, kisha Willebrord Snell wa Uholanzi akaigundua upya mwaka 1621. Lenzi imejengwa juu yake. Lenzi mbinuko, nene katikati, hukusanya miale. Lenzi mbonyeo, nyembamba katikati, huitawanya. Tone la umande juu ya jani la chai ni lenzi mbinuko: mishipa ya jani chini yake huonekana mikubwa. Miwani ya mzee asiyeona herufi za karibu ni ya lenzi mbinuko, na ya mwanafunzi asiyeona ubao wa mbali ni ya lenzi mbonyeo.

Taswira inaweza kupatikana hata bila lenzi. Paa la mabati lenye tundu la msumari huangusha sakafuni duara dogo la mwanga. Duara hilo si umbo la tundu, bali ni picha ya jua lenyewe. Paa likiwa mita tatu juu ya sakafu na jua liko utosini, upana wa picha hiyo ni karibu sentimita 3. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, kabisa huko Turkana na kwa sehemu katika maeneo mengine ya Kenya. Saa za kupatwa kwa jua, matundu ya namna hiyo hutoa picha zenye umbo la hilali badala ya duara, na humwezesha mtu kutazama tukio bila kuharibu macho kwa kulikodolea jua.

Picha ya tundu huwa imepinduliwa, kwa kuwa miale ya juu hushuka chini na ya chini hupanda juu inapokatiza kwenye tundu. Jicho na kamera hufanya kazi hivyohivyo, ila vimeongezewa lenzi. Katika studio za picha za miji kama Nakuru, enzi za filamu, picha nyeusi na nyeupe zilisafishwa katika chumba cha giza chenye taa nyekundu. Karatasi ya picha ilihisi nuru ya bluu na haikuihisi nyekundu, na kwa hiyo fundi aliweza kuona kazi yake bila kuiharibu.

Rangi, upinde wa mvua na ukungu

Isaac Newton alianza majaribio yake ya rangi karibu na mwaka 1666 na kuyachapisha kitabuni mwaka 1704. Alipitisha mwale wa jua katika mche wa kioo, ukagawanyika kuwa nyekundu, machungwa, njano, kijani, bluu, nili na urujuani. Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote hizo, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Jani la chai huonekana la kijani kwa sababu humeza rangi nyingine zaidi na kuirudisha ya kijani.

Matone ya mvua hufanya kazi ya mche. Nuru huingia katika tone, huakisiwa nyuma yake na kutoka ikiwa imegawanyika, na upinde huonekana kwa pembe ya digrii 42 hivi kutoka upande ulio kinyume na jua. Jua likiwa juu zaidi ya digrii 42, upinde hujificha chini ya upeo wa macho. Kwa hiyo mtu aliyesimama mahali tambarare Olenguruone hataona upinde saa nane mchana hata mvua na jua vikutane. Ataanza kuuona baada ya saa tisa na nusu alasiri hivi, na atauona mashariki, jua likiwa mgongoni kwake.

Ukungu nao ni matone, lakini madogo sana. Hutawanya rangi zote karibu sawa, na ndiyo maana huonekana mweupe. Dereva akiwasha taa kubwa ndani ya ukungu mzito, nuru nyingi hurudi machoni pake na barabara hupotea nyuma ya ukuta mweupe; taa zilizoinamishwa chini humwonyesha zaidi. Molekuli za hewa ni ndogo kuliko matone, na hutawanya bluu zaidi ya nyekundu. Kutokana na hilo mbingu ya mchana ni ya bluu, na jua la machweo, ambalo nuru yake imepita katika hewa nyingi na kupoteza bluu, ni jekundu.

Stima na sola

Umeme wa kuangazia ulianza kuuzwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908, na mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa. Wakenya waliuita stima, jina lililotokana na mvuke. Jina hilo linafaa zaidi leo kuliko lilipoanza: katika Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini uliwashwa mwaka 1981 ukiwa na uwezo wa megawati 15, na mvuke wa Bonde la Ufa umekuwa nguzo ya umeme wa Kenya.

Balbu ya kwanza iliyoenea, iliyotengenezwa na Joseph Swan wa Uingereza na Thomas Edison wa Marekani kufikia 1879, ilifuata kanuni ya kaa la moto: uzi mwembamba hupashwa joto na umeme mpaka ung'ae. Sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kama joto. Balbu ya LED haihitaji joto. Elektroni zikishuka ngazi ya nishati ndani ya madini maalumu hutoa nuru moja kwa moja. Mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60 hupatikana kwa LED ya wati 9 hivi. LED ya bluu, iliyowezesha kupata nuru nyeupe, ilikamilishwa na wanasayansi wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Mpango wa stima vijijini ulianza mwaka 1973, lakini nyaya zilikwenda polepole. Sola ndiyo iliyoitangulia katika nyumba nyingi. Msingi wake uligunduliwa na Mfaransa Edmond Becquerel mwaka 1839: nuru ikipiga vitu fulani huzalisha umeme. Albert Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba nuru hufika kwa mafungu ya nishati yanayoweza kung'oa elektroni, na paneli ya silikoni ilitengenezwa Marekani mwaka 1954. Nchini Kenya, katikati ya miaka ya 1980, Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, huko Meru, iliangaziwa kwa paneli kwa juhudi za mwalimu wa kujitolea Mark Hankins na mhandisi Harold Burris, na mafundi wakajifunzia kazi hiyo. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za sola kwa malipo ya kila siku kwa simu, kiasi kinachokaribiana na fedha za mafuta taa.

Hali ya hewa ya Olenguruone huiathiri paneli kwa namna mbili. Baridi huisaidia, kwa kuwa silikoni yenye joto hutoa umeme pungufu. Ukungu huipunguzia nuru, kwa hiyo betri inapaswa kutosha siku za mawingu. Karibu na ikweta haihitaji kuinamishwa sana. Mteremko mdogo unatosha mvua ioshe vumbi.

Mwaka 2015 mpango wa Last Mile ulianza kuziunganishia stima nyumba zilizo karibu na transfoma, na mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Sensa ya 2009 ilikuta chini ya robo ya kaya za Kenya zikiangaziwa kwa stima. Ile ya 2019 ilikuta asilimia 50.4 zikitumia stima na asilimia 19.3 zikitumia sola. Kwa mtoto wa shule, tofauti hiyo ni ya kitabu kinachosomeka kutoka pande zote za meza, bila moshi.

Nuru inayobeba ujumbe

Kazi ya karibuni zaidi ya nuru haionekani kwa macho. Mwale ulio ndani ya kioo ukiupiga ukingo wake kwa mshazari mkubwa hautoki. Huakisiwa wote na kubaki ndani. Katika miaka ya 1840 na 1850 wanasayansi wa Ulaya walionyesha hilo kwa nuru iliyofuata maji yanayomiminika kutoka chomboni, ikipinda pamoja nayo. Mwaka 1966 Charles Kao alieleza kwamba uzi wa kioo safi sana ungeweza kupeleka mawasiliano mbali kwa njia hiyo, na mwaka 2009 akatunukiwa Nobel. Mwaka huohuo nyaya za baharini za uzi huo, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa.

Ndani ya kioo nuru husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Nakuru, mwendo wa kilomita 640 hivi kwa barabara, huchukua kama sehemu tatu za elfu moja za sekunde. Simu inayopigwa kutoka shamba la chai Olenguruone huanza kama mawimbi ya redio hadi mnarani. Ikishafika kwenye uzi wa kioo, sehemu kubwa ya safari yake hubebwa na nuru, inayowaka na kuzima mara mabilioni kwa sekunde, ikiakisiwa kwa kanuni ileile ya pembe ya kioo cha kujitazamia.